Friji ya bei ya chini inatula polepole

Ndugu zetu vijana wa Kakuma na Kalobeyei, na nyinyi wakubwa zetu wa mashirika, leo tuongee juu ya friji. Msiseme ni anasa. Kwa joto hili la Turkana, ambapo mchana nyuzi 35 ni kawaida, friji ni maji baridi ya kuuza, ni samaki wasiooza, ni daftari na sare za mtoto. Ndiyo maana inatuuma kuona ikigeuka kuwa deni.

Tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Friji kuukuu inashushwa kwenye lori, imepigwa rangi, inang'aa, bei ya chini. Kikundi kinachanga, kinanunua, kinashangilia. Nani anauliza inakula stima kiasi gani? Hakuna. Lakini bei ya friji haiishii dukani. Tunailipa kila siku, kwa miaka.

Tupige hesabu. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 kwa saa moja. Friji kuukuu ya wati 150, ambayo mota yake inanguruma saa 16 kwa siku, inakula uniti 2.4. Friji nzuri ya wati 60 inayofanya kazi saa 12 inakula uniti 0.72 tu. Tuseme uniti ni shilingi 50. Tofauti ni shilingi 84 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya 2,500, kwa mwaka zaidi ya 30,000. Sasa tuambieni, ile ya bei ya chini ni ipi?

Kuna wanaosema wakimbizi hatujui kutunza stima. Tunakataa! Tunajua kwamba friji isibanwe ukutani, hasa kwenye mabati yanayochomwa na jua. Tunajua sufuria ya moto haiingizwi ndani, na barafu ikiganda nene lazima iyeyushwe. Tunajua kubana karatasi mlangoni: ikichomoka bila kuvutwa kwa nguvu, mpira umechoka na baridi inatoka. Lakini mashine iliyochakaa utaibembeleza mpaka lini?

Halafu kuna malipo ya jenereta. Mahali pengine mwenye jenereta anatoza friji bei moja kwa mwezi, iwe nzuri, iwe mbovu. Kwa hiyo aliyejinyima akanunua nzuri anamlipia dizeli jirani yake mwenye mbovu. Hiyo ni haki gani?

Ghana ilichoka na mambo haya. Kuanzia 2013 ilipiga marufuku kuingiza friji zilizotumika. Sisi hatuombi marufuku, kwa sababu kuna mama ambaye leo hawezi kununua mpya, na hatutaki afungiwe mlango. Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, muuzaji aichomeke friji kwenye kipimo cha stima, iwake siku nzima, tusome pamoja kabla ya kutoa pesa. Akikataa, tusinunue. Kipimo chenyewe ni kitu kidogo cha kuchomeka kwenye plagi. Kikundi kinaweza kuchanga kikanunua kimoja, kikatumika block nzima.

Pili, shirika likitoa friji kwa kikundi, lituandikie inakula uniti ngapi kwa siku. Kwenye ripoti mnaandika "imekabidhiwa", mnapiga picha, mnaondoka. Bili inabaki na nani? Na sisi. Afadhali friji tatu nzuri kuliko tano zitakazozimwa baada ya miezi miwili na kugeuzwa kabati la nguo.

Tatu, kila mteja awe na mita yake, alipe alichotumia.

Vijana wenzetu, tusione aibu kuuliza. Mtu akikuambia "chukua hii, ni bei poa", muulize: poa dukani, au poa mpaka mwisho wa mwezi? Asipokuwa na jibu, shika pesa yako urudi nyumbani.