Kiingereza Kinaeleweka kwa Kiswahili

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Jumapili moja alikuja na daftari lake la Kiingereza, akaniamkia, akakaa. "Mjomba, hii nimeikariri lakini sijaielewa." Aliyoikariri ilikuwa sentensi ndefu ya Kiingereza isemayo kwamba wakati uitwao "present perfect" hutumika kwa tendo lililotokea zamani ambalo bado lina uhusiano na wakati uliopo. Aliitamka yote bila kukwama, kama shahidi anayeapishwa. Nikamwuliza maana yake. Akacheka.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Nimekula."

"Ulikula saa ngapi?"

"Nilikula saa saba."

Nikamwonyesha alichokifanya. Swali la kwanza alilijibu kwa -me-, la pili kwa -li-, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini kumfundisha. "I have eaten" ndiyo nimekula. "I ate at one o'clock" ndiyo nilikula saa saba. (Saa saba imegeuka saa moja, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.) Akasema "Kumbe!", kisha akaniuliza swali lililonifanya nishike kalamu: "Sasa mbona ticha hakusema hivyo?"

Hakusema kwa sababu haruhusiwi. Shuleni kwao, kama ilivyokuwa shuleni kwangu miaka mingi nyuma, kipindi cha Kiingereza ni Kiingereza kitupu. Sisi tulikuwa na kibao mlangoni mwa ofisi ya walimu kikitutangazia kwamba bila Kiingereza hakuna huduma, na aliyeumwa tumbo ilimbidi kwanza alitafute neno la tumbo. Wakenya wengi wanakikumbuka kipande cha ubao alichovishwa shingoni yule aliyekutwa akizungumza lugha ya kwao. Nyuma ya haya yote iko imani moja, na wazazi wanaishika pengine kuliko walimu wenyewe: kila neno la Kiswahili linalosemwa katika kipindi cha Kiingereza linakimega Kiingereza. Mtoto atachanganya. Atazoea kufikiri kwa Kiswahili.

Mimi nasema imani hiyo ni potofu, na ndiyo inayotuharibia Kiingereza chenyewe. Kabla sijaendelea, niweke mpaka: sizungumzii lugha ya kufundishia fizikia na jiografia. Huo ni ugomvi mwingine, umekuwapo tangu ripoti ya 1982 ya Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu ya Tanzania, na kabla yake, na una wenyewe. Mimi nazungumzia somo la Kiingereza peke yake, na hasa sarufi yake.

Imani hii ina asili. Mwaka 1878 Maximilian Berlitz, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua shule ya lugha mjini Providence, Marekani, na njia iliyobeba jina lake inaifukuza lugha ya mwanafunzi nje ya darasa. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa bahati tu: Berlitz aliugua, akamwachia darasa la Kifaransa msaidizi Mfaransa ambaye hakujua Kiingereza hata kidogo. Kwa hiyo maskini yule akafundisha kwa kuonyesha vitu kwa kidole na kwa kuigiza. Hakuna ubaya. Asiyejua lugha ya wanafunzi wake afanyeje? Lakini mwalimu wetu wa Kibaha au wa Kilifi anaijua lugha ya wanafunzi wake vizuri mno. Kumtaka ajifanye haijui ni kumtaka mwenye macho aende akipapasa kwa sababu kipofu mmoja alifika salama.

Kwetu imani hii ilipata muhuri hapahapa Afrika Mashariki. Januari 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka mingi baadaye mwanaisimu Mwingereza Robert Phillipson aliuchambua, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 akasema umetuachia nguzo tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kuanza mapema ni bora, kwamba kadiri Kiingereza kinavyozidi darasani ndivyo matokeo yanavyozidi, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza kitashuka. Phillipson aliziita zote tano hoja potofu. Nchi zetu zilipata bendera, zikabadili nyimbo za taifa na majina ya mitaa. Nguzo zile zikabaki zimesimama.

Sasa tugeuze upande wa pili. Waingereza wao walijifunzaje Kiswahili? Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kuwasaidia wenzake kujifunza Kiswahili cha Unguja. Maelezo yake yote ni ya Kiingereza. Mwaka 1944 E. O. Ashton akatoa sarufi ambayo vizazi vya wageni wameisoma. Kila ngeli na kila kiambishi humo kimeelezwa kwa Kiingereza, kikilinganishwa na Kiingereza. Hakuna bwana shauri aliyevishwa ubao shingoni kwa kuuliza kwa Kiingereza maana ya -ki-. Walijua kwamba mtu mzima mwenye lugha yake huanzia kwenye lugha yake. Walipogeuka kutufundisha sisi, ujuzi huo ukasahaulika.

Turudi kwa mpwa wangu, maana ile -me- haikuishia pale. Inafanana na "have" hadi mahali fulani, kisha njia zinaachana, na pale zinapoachana ndipo makosa yetu yanapozaliwa. Sisi husema "nimefika jana" bila sikio kuchubuka. Kiingereza hakikubali, ukitaja jana, huna budi kurudi kwenye "I arrived". Jambo la pili ni kubwa zaidi. Tunasema mtoto amelala, askari amesimama, bibi amechoka, bwana harusi amevaa kanzu. Hizo zote ni -me-, lakini hazielezi tendo lililokwisha. Zinaeleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Kiingereza kwa hali hizo hutumia kitu kingine kabisa: "the baby is asleep", "she is tired", "he is wearing". Ndiyo maana Afrika Mashariki nzima utasikia "the baby has slept" kwa maana ya kwamba tusipige kelele, yuko ndani amelala. Mgeni anaelewa kwamba mtoto amekwisha kulala na sasa ameamka.

Mwalimu aliyekatazwa kutamka "amelala" anaweza kulitia kosa hilo kalamu nyekundu mara mia, na bado hawezi kumwambia mwanafunzi limetoka wapi. Na mwanafunzi asiyejua kosa limetoka wapi atalirudia akiwa na shahada.

Kazi yangu ni kuhariri, na makosa ninayokutana nayo katika Kiingereza cha watu wetu wasomi yana mshono uleule. "The book which I read it": hiyo ni "kitabu nilichokisoma", na ile "it" ya mwisho ni -ki- yetu iliyokataa kubaki nyumbani. Wengine huandika "he" kwa mama mzazi, kwa kuwa a- yetu haiulizi mtu ni mume au mke. Mtu anaulizwa kwa Kiingereza, "Hujaleta barua?" anajibu "Yes", akimaanisha kwamba ni kweli hajaileta, mwulizaji anaanza kuisubiri barua. Mwingine anasema "sorry" kumpa pole aliyejikwaa, na aliyejikwaa anashangaa mwenzake anaomba radhi ya nini. Makosa haya hayatokani na ujinga wala uvivu. Ni Kiswahili safi kilichovaa nguo za kuazima. (Hata hiyo "kuazima" ina mtego: sisi neno moja linatosha kwa anayetoa na anayepokea, Kiingereza kinadai mawili.)

Lugha hiyohiyo inayotutega inaweza pia kutushika mkono. Chukua "a" na "the", ambazo wanafunzi huzirusha kwenye sentensi kama chumvi gizani. Huambiwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Si kweli. "Lete kiti" ni kiti chochote. "Kilete kiti" ni kile tunachokijua wewe na mimi. Mtoto wa miaka minne anaisikia tofauti hiyo. Si kwamba kiambishi cha mtendwa na "the" vinalingana kila mahali, la hasha, lakini aliyeonyeshwa mlango huo anaingia akijua anatafuta nini.

Au ile "s" ya "she goes", inayotesa watu hadi chuo kikuu. Ukimwambia mwanafunzi ni kanuni ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, amekwisha kukupoteza. Mwambie hivi: sisi tuna upatanisho kila mahali, mtoto anaenda, kiti kinaenda, mti unaenda, viti vinaenda. Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na viambishi vingi kwenye kitenzi kuliko sasa, vimekufa kimoja kimoja, na katika vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo imebaki hiyo "s" peke yake. Mwenye kumudu ngeli zetu zote atashindwa na herufi moja? Nimeona nyuso zikibadilika kwa maelezo hayo. Mtu aliyejiona bubu anagundua kwamba ameibeba sarufi ngumu kuliko ile anayoiogopa.

Nazijua hoja za wanaonipinga, na moja ina uzito. Wanasema ukimfungulia mwalimu mlango wa Kiswahili, atalala humohumo: dakika arobaini za soga, na Kiingereza kitabaki maneno matano ubaoni. Ni kweli, nimekaa katika vipindi hivyo. Lugha haiingii bila kusikilizwa, kusomwa na kutamkwa kwa wingi, na kwa watoto wetu wengi darasa ndilo mahali pekee wanapokisikia Kiingereza. Kwa hiyo sidai kipindi cha Kiswahili. Nadai dakika tano za kueleza kitu kikaeleweka, kisha dakika thelathini na tano za kukitumia kwa Kiingereza. Mpwa wangu alipoielewa ile -me-, tulikaa saa nzima tukisimuliana kwa Kiingereza tumefanya nini na tulifanya lini. Awali hakuwa na cha kusema, maana aliyekariri fasili ana fasili tu.

Hoja nyingine ni ya watoto wa inglishi midiamu: mbona wao wanakitiririsha? Wanakitiririsha kwa sababu wanakisikia kutwa, wana vitabu, madarasa yao hayana wanafunzi themanini, na wengi nyumbani kuna mtu wa kuwajibu. Ukiondoa hayo yote ukabakiza marufuku peke yake, utapata shule ya mpwa wangu.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni hili. Marufuku yenyewe haifanyi kazi. Kiswahili kimo katika vipindi vya Kiingereza, kimekuwamo siku zote. Mwalimu anaona nyuso zimeganda, anatupa jicho dirishani, anashusha sauti: "Yaani hapa anamaanisha..." Akisikia viatu vya mkaguzi anarudi kwenye Kiingereza. Kila aliyesoma shule za kawaida Tanzania anaijua sauti hiyo. Kwa kuwa ni magendo, hakuna anayefundishwa kuifanya vizuri. Mwalimu hatoki chuoni akijua -me- inaachana na "have" wapi. Mwandishi wa kitabu haweki ukurasa wa kulinganisha. Tafsiri inayopenya ni ile ya haraka, neno kwa neno: "have maana yake kuwa na". Kwa hiyo mtoto mwenye njaa anasema "I have hungry", na mwenye miaka kumi na mitatu anasema "I have thirteen years". Kisha tunakilaumu Kiswahili, wakati kosa ni la Kiswahili cha kunong'ona.

Kwa waandishi wa vitabu ombi langu ni dogo: kila sura ya sarufi iwe na nusu ukurasa wa Kiswahili, unaosema wazi Kiingereza kinafanana na sisi wapi na kinatuacha wapi. Nanyi walimu, siwaombi mngoje waraka. Siku ukifika kwenye "have" na "has", usianze na fasili. Andika ubaoni "mtoto amelala", uwaulize wanafunzi kama mtoto huyo yuko macho au la, kisha waache wabishane.