Tuhesabu Magunia Kabla ya Vifaranga

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kuondoka hapa na bado mnasoma gazeti hili, naomba nafasi niseme juu ya chakula cha kuku. Najua wapo watakaocheka, kwa maana katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea habari za mpira na za midahalo. Na wacheke. Karo za wengi wetu hutoka nyuma ya nyumba, katika banda la mama, na kuku wasipotaga mvulana hurudishwa kwao kabla muhula haujafika nusu. Kwa hiyo neno hili si la mchezo.

Iko desturi moja inayonichoma moyo. Kaka yetu mmoja amepata kazi Kampala. Ameona vema kumsaidia mama yake, basi ananunua vifaranga 100 wa kuku wa mayai, wa siku moja, anawaleta nyumbani ndani ya boksi pamoja na gunia moja la chakula. Majirani wanakuja kutazama, wanampongeza, naye anarudi mjini akiamini ya kuwa kazi imekwisha.

Hebu tupige hesabu. Kifaranga wa namna hiyo, tangu siku ya kwanza hata juma la 8, hula kama kilo 2. Tangu hapo mpaka kuanza kutaga, yaani juma la 18 au la 20, hula kilo 5 au 6 tena. Jumla ni kilo 7 na zaidi kwa kuku mmoja. Kuku 100 watakula kilo 700 na zaidi, na gunia tulilozoea hapa Uganda ni la kilo 70. Ni magunia 10 au 11 basi, na yai hata moja halijaonekana! Kaka yetu alileta moja. Hayo mengine mama atayatoa wapi?

Ninyi mnajua atakalofanya. Mwezi wa tatu fedha zimekwisha, anawapa pumba za mahindi peke yake na majani kidogo. Kuku hawafi, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu wangekufa angeacha kuwahangaikia. Wanaishi, wamekonda, wanakula kila siku, hawatagi. Mwisho anawauza mmoja mmoja kwa bei ya nyama, nayo nyama ni kidogo. Kisha mwanawe huko mjini husema kuku hawana faida, au kwamba wanawake wa kijijini hawajui ufugaji. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, nikiwa nimesimama na trei ya vikombe vya chai, na sikuweza kujibu. Leo najibu.

Mimi nasema vifaranga 20 wanatosha. Hao watakula kilo 150 hivi mpaka kutaga, yaani magunia mawili na kidogo juu yake, na mtu mmoja mwenye mshahara anaweza kuyanunua yote mapema. Wakianza kutaga, kila kuku hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 20 hawafikishi kilo mbili na nusu, hata gunia huenda karibu mwezi mzima. Kuku walioshiba vema, katika miezi yao mizuri, katika 20 watataga 16 kila siku. Kwa gunia moja umepata trei 15. Ziuze kwa bei ya soko la kwenu, utoe bei ya gunia, uone mwenyewe kinachobaki.

Sasa, gunia lipi? Katika duka utaona magunia yanayofanana rangi, na mwenye duka akiwa na haraka atakupa lililo karibu na mkono wake. Soma maandishi. Chakula cha vifaranga kina protini nyingi, kilo 18 hata 20 katika kila kilo 100. Cha kuku wanaokua kina kilo 15 au 16. Cha kuku wanaotaga kina 16 au 17, lakini tofauti yake kubwa iko kwenye kalsiamu, madini yale ya chokaa. Humo imo kilo tatu na nusu hata nne katika 100, hali katika vile vingine ni kama kilo moja. Sababu yake ni ganda. Kila ganda la yai lina kama gramu 2 za kalsiamu, na kuku asipoipata katika chakula huichukua katika mifupa yake mwenyewe, mpaka miguu ikakosa nguvu. Lakini kifaranga akilishwa chakula hicho cha watagaji, kalsiamu humzidi na kumharibu figo. Kwa hiyo anayesema “chakula cha kuku ni kimoja tu” asisikilizwe, hata kama ana duka.

Wako watakaosema babu zetu hawakununua gunia hata moja, na kuku wao walitaga. Ni kweli, wala sitaki kumdharau kuku wa kienyeji. Huyo hutaga mayai kumi na kitu, akayalalia, akalea watoto, na kwa mwaka mzima mayai yake ni kama 40 au 50. Mchwa, mbegu, majani na makombo ya nyumbani humtosha. Kumnunulia huyo chakula cha watagaji ni kutupa fedha, maana hatataga mara mbili kwa sababu ya gunia. Mpe mahindi kidogo jioni, umfungie asiibwe, basi. Lakini kuku wa kizungu amezaliwa kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka, naye amefungwa katika ua ambao majani yake yalikwisha siku ya pili. Hana mahali pengine pa kupata chakula ila mkononi mwako. Katikati yao wako Kuroiler, ambao asili yao ni India. Hao hujitafutia sehemu ya chakula chao kama nafasi ipo, na kwa mama mwenye shamba pana na fedha chache mimi naona ndio wanaomfaa zaidi.

Tena uko ubishi juu ya kuchanganya nyumbani. Watu hununua mchanganyiko mkali wa protini na madini, wakautia katika pumba wenyewe, kwa kuwa ni rahisi kuliko chakula kilicho tayari. Mwenye kuku 500 na mizani, na afanye hivyo. Mwenye kuku 20 anayepima kwa sufuria sharti aogope, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake, na kosa dogo katika debe moja ni kosa kubwa katika tumbo la kuku. Tena mchanganyaji hushawishika kutia mambo mengine. Mwaka 2023 ilitangazwa hapa Uganda ya kuwa baadhi ya wafugaji walikuwa wakitia dawa za UKIMWI katika chakula cha kuku na cha nguruwe, ili wanenepe na wasiugue. Dawa za wagonjwa! Nani atapenda kula yai hilo?

Walaghai nao wapo. Mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria, mara nyingi huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huuzwa pamoja nao kwa kilo. Pumba nazo huongezwa magunzi yaliyosagwa. Chukua konzi moja, utie katika glasi ya maji, ukoroge, ungoje. Mchanga utazama chini. (Katika chakula cha watagaji utaona pia vipande vya makombe vikizama. Hivyo ni halali, ndiyo kalsiamu yenyewe.) Nusu ya konzi ikiwa mchanga, mrudishie mwenye duka mbele ya watu.

Lakini kuliko mchanga, mimi naogopa ukungu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yenye ukungu, na hivyo ndivyo ilivyogunduliwa sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuanika chakula juani, hata kama harufu imetoweka. Gunia lenye madonge na harufu ya uvundo lisinunuliwe hata likipunguzwa bei, na hasa likipunguzwa bei. Nyumbani, liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mdomo umefungwa. Liishe katika mwezi mmoja au mwezi na nusu, kwa kuwa vitamini nazo hupungua kadiri siku zinavyopita.

Hilo linamtesa mwenye kuku watano au sita, ambaye gunia litamkalia miezi mitatu. Yeye hununua kilo kilo katika gunia lililo wazi dukani, asijue limefunguliwa lini wala lilikuwa la nini. Afadhali majirani watatu wachange, wanunue gunia moja lililoshonwa, walifungue pamoja na kugawana siku ile ile.

Maji sikuyataja kwa kuwa hayauzwi dukani, lakini kuku aliyekosa maji mchana kutwa ataacha kutaga hata akiwa amesimama juu ya gunia.

Kwenu ninyi kaka zetu, likizo ya Desemba ni karibu, na najua maboksi ya vifaranga yatasafiri tena. Nunueni 20, na magunia yao mawili na kitu, moja likiwa la vifaranga na mengine ya wanaokua, mkayanunue kwa mafungu yasije yakaoza. Mkiwaleta mwanzoni mwa Januari, watafika juma la 20 mwishoni mwa Mei, wakati muhula wa pili unapofunguliwa na mhasibu anapokaa mlangoni na daftari lake.