Pikipiki yako nayo ni mashini



Mwanzo wa kila zamu shofere wa kamyo kubwa ya mgodi hapandi mara moja. Anaizunguka kwanza na karatasi mkononi: mipira, taa, frene, maji, mafuta ya mota. Mafuta yakipunguka haondoki, hata shefu akipiga makelele. Hiyo tumefundishwa, na mwenye kuisahau anaandikiwa ripoti.

Sasa mtazame ndugu yule yule saa ya kurudi nyumbani. Anapiga kiki mara mbili, moshi unatoka, anapakia mwenzake nyuma, wanaondoka katika vumbi. Muulize: mafuta ya pikipiki yako umeyaangalia siku gani? Atacheka. Atakujibu: «Si unaona inatembea?»

Mimi ni fundi wa atelye. Ninaandika neno hili kwa sababu nimechoka kusikia kwamba usalama unaishia kwenye baryeri ya kampani. Mguu uliovunjika njiani ni mguu sawa na ule uliovunjika mgodini, na watoto wanaongojea chakula ni wale wale.

Wengi wanafikiri kwamba mafuta yakikosa, hasara ni ya mota tu. Fahamu vizuri namna pikipiki ndogo ya kazi inavyotengenezwa, ile ya silinda moja na mipigo mine. Mafuta yake ni yale yale, lita moja hivi, na yanafanya kazi ya watu watatu: yanalainisha pisto ndani ya silinda, yanalainisha meno ya vitesi, na ambrayaje inaoga ndani yake. Tena yanaondoa joto. Yakipunguka sana, pisto inapata joto, inavimba, inakamata silinda. Sasa kumbuka kwamba mota imefungwa na gurudumu la nyuma kwa njia ya mnyororo. Mota ikisimama ghafula, gurudumu nalo linasimama ghafula. Wewe uko kilometa 60 kwa saa juu ya udongo mwekundu, na mtu nyuma yako.

Ninayajua haya si kwa kitabu. Mwezi wa nane wa mwaka 2011, katikati ya kiangazi, nilikuwa ninampeleka mke wangu kwenye matanga. Pikipiki ilikuwa na siku mbili ikilia sauti kavu, kama mtu mwenye kikohozi. Nilijiambia: nitaangalia siku ya yenga. Mimi fundi, mwenye kuwafundisha vijana! Kabla ya kufika daraja, gurudumu la nyuma likakazana, tukaserereka, tukaanguka upande wa kushoto. Mimi nilichubuka goti. Mama alivunjika mkono mahali pawili, na mpaka leo hawezi kutwanga muda mrefu. Nilipofungua mota nyumbani, mafuta yaliyotoka hayakujaza kikombe cha chai.

Kama ningekamata ambrayaje mara moja, labda gurudumu lingekuwa huru na tungesimama vizuri. Shika neno hilo: ukisikia mota inakosa nguvu na kulia kavu, kamata ambrayaje, usiiachilie mpaka usimame kando ya njia. Lakini ni nani mwenye nafasi ya kufikiri katika saa ile? Afadhali kuangalia mbele.

Kuangalia hakuchukui muda. Weka pikipiki mahali pa sawa, washa mota dakika tatu, izime, ngoja dakika mbili au tatu mafuta yashuke. Mtoto mkubwa akushikie ili isimame wima. Ikilala juu ya mguu wa pembeni, joje inadanganya. Chomoa joje, ipanguse, irudishe, uichomoe tena. Pikipiki nyingi zinataka joje iwekwe tu bila kuizungusha. Nyingine zinataka izungushwe mpaka mwisho, na nyingine hazina joje bali kadirisha ka kioo. Kitabu cha pikipiki kinaeleza. Mafuta yawe katikati ya alama mbili. Usingojee taa ikuonye, sababu pikipiki nyingi ndogo hazina taa hiyo.

Tena yaangalie mafuta yenyewe. Weusi peke yake si ugonjwa. Mafuta yanakuwa meusi kwa sababu yanaosha masizi. Lakini yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia, na wakati wa mvua jambo hili linawapata wenye kuvuka madimbwi. Yakinuka esanse na kuwa mepesi kama maji, karburateri inavujia ndani. Ukiona unga wa chuma unameta, mpeleke fundi pikipiki, usimpeleke mtoto shuleni nayo.

Na kubadili? Pikipiki mpya inataka vidanje ya kwanza mapema, kati ya kilometa 500 na 1 000, sababu vyuma vipya vinasuguana na kutoa unga. Kisha vitabu vingi vinatoa kilometa 2 000, 3 000 na zaidi. Mimi ninasema hivi: vitabu hivyo havikuandikwa katika vumbi letu la mwezi wa tano mpaka wa kumi. Vumbi linapita katika filtri ya hewa isiyooshwa, linachanganyika na mafuta, linakuwa kama msasa. Kwa njia zetu, kilometa 1 500 zinatosha. Utaniambia kwamba kilometa za pikipiki yako zimekufa, haihesabu tena. Basi hesabu mishahara. Mtu anayekaa kilometa 15 na kazi yake anatembea 30 kwa siku. Siku 26 za kazi ni kilometa 780. Kwa hiyo kila mishahara miwili, vidanje moja.

Fanya kazi hiyo inje, mbali na mbabula ya mama. Mota iwe na joto kidogo, si moto wa kuunguza, sababu mafuta ya moto yakikumwagikia mkononi yanababua. Fungua bulo ya chini, acha yashuke yote ndani ya beseni, safisha filtri ndogo ya waya kama pikipiki yako inayo. Ukifunga bulo usiongeze bomba juu ya ufunguo ili kupata nguvu. Karteri ni ya aluminyo; ukikata meno yake, mafuta yatavuja njiani bila wewe kujua. Usipite alama ya juu vilevile. Kuna wanaojaza kupita kiasi wakifikiri ni wema. Mafuta yanatafuta njia, moshi unatoka, na yakidondokea mpira wa nyuma unateleza kama juu ya sabuni. Panguza mpira kabla ya kupanda.

Mafuta gani? Tafuta bidoni yenye maandishi JASO MA au MA2. Alama hiyo iliwekwa na Wajapani mwaka 1998 kwa pikipiki ambazo ambrayaje yake inaoga ndani ya mafuta. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya kupunguza msuguano, nayo inafanya ambrayaje iteleze: unaongeza gazi, mota inalia, pikipiki haipandi mlima. Mafuta yanayouzwa katika chupa wazi kando ya njia, mimi sinunui. Hakuna anayejua yametoka katika mota gani. (Wenye pikipiki za mipigo miwili, kama zile Yamaha DT 125 na AG 100 zinazotembea mpaka leo, mambo yenu ni mengine: mota inachoma mafuta yake pamoja na esanse, kutoka katika tanki ndogo ya pembeni ambayo haifai kukauka. Lakini sanduku la vitesi lina mafuta yake peke yake, na hayo ndiyo mnayasahau.)

Sasa nawaambia mama za nyumba, sababu sehemu hii inafika kwenu zaidi. Baba amemaliza, amenawa mikono kwa mchanga na esanse, ameweka kitambaa chenye mafuta mfukoni mwa suruali, mafuta machafu ameyatia ndani ya chupa ya limonadi nyuma ya mlango. Makosa manne kwa mara moja.

Mafuta yaliyotumika yana masizi na vitu vingine ambavyo, vikikaa juu ya ngozi miaka na miaka, vinaweza kuleta kansa. Si hadithi za kutisha watoto. Kule Uingereza wafanyakazi wa viwanda vya kusokota pamba walikuwa wanarukiwa na mafuta ya mashini juu ya suruali zao, nguo ikilowa pale mapajani kila siku. Wengi wakapata kansa ya ngozi ya mfuko wa kiume. Mwaka 1953 serikali ikaweka sheria juu ya mafuta ya mashini zile. Kwa hiyo kitambaa cha mafuta si cha mfukoni. Vaa gan, nawa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nguo za mafuta zisifuliwe pamoja na za mtoto. Esanse inakausha ngozi na kuipasua, na palipopasuka ndipo uchafu unaingia.

Chupa ya limonadi ni mbaya kuliko vyote. Mtoto anajua kwamba chupa ile ni ya kinywaji. Akinywa mafuta au esanse, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi ili atapike. Yakipanda tena yanaweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa. Mkimbize hospitali, na chupa ile uichukue.

Wengine wanamwaga mafuta chini nyuma ya nyumba, au wanapaka miti ya paa juu ya mchwa. Hasira ya mchwa ninaielewa. Lakini kisima chako kiko hatua ngapi toka pale unapomwaga? Udongo unakunywa, mvua inashusha, na maji yakishaanza kunuka mafuta hakuna dawa ya kukisafisha kisima.

Wengi watasema: tuyapeleke wapi, basi? Hapo wana haki, nami ninawageukia wakubwa. Mafuta machafu ya kamyo yanakusanywa katika mapipa, hakuna anayeruhusiwa kuyamwaga chini. Ninaomba komite ya usalama iweke pipa moja lenye kifuniko kwenye parki ya pikipiki, karibu na baryeri, na mtu wa kuliandikia tarehe likijaa. Mfanyakazi atakuja na bidoni yake asubuhi, atamwaga, ataingia kazini. Pipa moja si gharama kwa atelye.

Tukilingojea, siku ya Jumamosi baada ya mshahara mimi nitakuwa nyuma ya nyumba yangu na beseni na ufunguo wa 17. Jirani anayetaka kuona namna ya kufanya aje, pikipiki ikiwa bado na joto.