Hizo wipes za "maji matupu" mnazozisifia

UE zilinikaba koo, ndiyo maana kimya. Leo nina la moyoni, na linawahusu hasa akina dada tunaosoma nao wenye watoto wachanga, wale waliopanga Changanyikeni na Msewe.

Siku hizi kuna fasheni ya kusaka wipes za mtoto zilizoandikwa kwamba ni asilimia 99 maji na "hazina kemikali". Ukiuliza mbona ghali hivyo, unajibiwa ngozi ya mtoto laini bwana. Sawa, ni laini kweli. Lakini mie nasomea ualimu wa Baiolojia na Kemia, na hayo maneno "hazina kemikali" yananikera sana. Kwani maji yenyewe ni nini? Halafu hebu fikirieni: kitambaa kilicholowa, kimefungiwa kwenye nailoni, kwenye joto la Dar la mwezi wa pili. Maabara tukitaka bakteria waote tunatafuta mazingira hayohayo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dawa ya kuzuia vijidudu iliyomo kwenye wipes siyo adui wa mtoto. Wipes zenye maji mengi ndizo zinazoihitaji zaidi, kwa sababu vijidudu vinataka maji kuliko kitu kingine chochote. Tena kitambaa chenyewe hunyonya sehemu ya hiyo dawa, kwa hiyo inayobaki kwenye maji inapungua. Na usisahau mkono unaingia humo mara kumi kwa siku, na tunajua mkono huo umetoka kushika nini.

Watengenezaji makini hawaongezi dawa kwa kukisia. Husafisha maji kwanza, kisha huyafanya yawe na uchachu kidogo, mara nyingi kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu. Sodiamu benzoeti, ambayo mmeinywa sana kwenye soda, haifanyi kazi vizuri bila uchachu huo. Uchachu unamsaidia na mtoto pia, maana mkojo ukichanganyika na kinyesi uchachu wa ngozi hupotea, na hapo vimeng'enya vya kinyesi huanza kuunguza makalio. Baada ya hapo kuna mtihani, na huu naupenda kama mwalimu mtarajiwa: wanachukua vijidudu hai, bakteria pamoja na fangasi, wanavitia makusudi kwenye bidhaa, halafu wanahesabu vilivyobaki kwa siku 28. Visipopungua, bidhaa imefeli.

Na msidhani haya ni ya vitabuni tu. Oktoba 2014 huko Marekani kampuni moja ililazimika kurudisha wipes za watoto zilizokuwa zinauzwa kwa majina kibao, baada ya wateja kulalamikia harufu na rangi. Walipopima wakakuta bakteria anayeitwa Burkholderia cepacia. Mtu mwenye afya hamsumbui sana, ila mwenye kinga dhaifu au mapafu mabovu anaweza kumlaza hospitali. Marekani hiyo, yenye viwanda na wakaguzi wake!

Wanaoogopa dawa hizi nao hawajatunga. Ipo moja inaitwa methilisothiazolinoni, iliwatoa watu vipele mpaka madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani wakaitangaza kinara wa mwaka 2013 kwa kuleta mzio. Umoja wa Ulaya ukaiondoa kwenye vipodozi visivyosuuzwa, wipes zikiwemo, kuanzia Februari 2017. Ukiiona kwenye pakiti iache dukani. Lakini kuikataa dawa moja mbaya ni tofauti na kukataa dawa zote.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Boom likichelewa, akina mama wetu watatu wananunua pakiti moja kubwa, wanagawana kwenye vifuko vya nailoni. Zikikauka, mtu anazimwagia maji ya bomba "zirudi". Jamani! Ukiongeza maji umeizimua ile dawa, umeupunguza ule uchachu, na umekaribisha wageni wapya kutoka kwenye ndoo. Hapo huna wipes tena, una dekio dogo. Mwenzetu mmoja kafanya hivyo wiki mbili, mtoto akatoka vipele, lawama zote akaibebesha "kemikali". Nikamuuliza, kemikali ipi tena uliyoiacha humo?

Halafu cha kuchekesha, mama zetu walishamaliza hili suala zamani. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye chupa safi ya chai, na pamba au kitambaa laini. Unalowesha sasa hivi, unafuta sasa hivi, pamba unatupa, kitambaa unafua na kukianika juani. Haihitaji dawa yoyote kwa sababu hakuna kinacholala kimelowa. Hiyo ndiyo "maji matupu" ya kweli, na bei yake hata asiye na boom anaimudu.

Wipes mbaki nazo za daladala na kliniki. Nunua pakiti ndogo iishe haraka, ibane kifuniko kila ukitoa moja, usiianike dirishani. Na ile iliyoanza kunuka kama nguo zilizolala kwenye beseni, usimpe jirani eti akafutie meza. Tupa.