Kabla ya kuuza kiwanja ili mtoto aende chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila mzazi mwenye mtoto aliyemaliza anaulizwa swali lilelile, awe harusini, msibani au kwenye daladala: "Wa kwako anaenda chuo gani?" Anayetaja jina la chuo kikuu anapongezwa. Anayesema mtoto bado anafikiria anapewa pole kama aliyefiwa.

Swali hilo limewafanya wazazi wengi waamue kwa aibu jambo linalotakiwa kuamuliwa kwa hesabu.

Wiki hii ameniandikia mama mmoja mwenye watoto wanne. Kijana wake wa kwanza amepata nafasi ya kusoma shahada ya miaka mitatu katika chuo kikuu binafsi. Orodha ya waliopata mkopo imetoka na jina lake halimo. Baba anataka kuuza kiwanja, nacho ndicho pekee walicho nacho. Kijana mwenyewe, ambaye tangu amalize mitihani amekuwa akizunguka mtaani na fundi umeme, anasema afadhali asomee umeme. Mama anauliza: "Nikimwacha asiende chuo kikuu, si nitakuwa nimemnyima mwanangu maisha?"

Hapana, dada yangu. Ila mnaweza kumnyima maisha kwa kumpeleka mahali ambapo hamna uwezo wa kumfikisha mwisho.

Pigeni hesabu hadi mwaka wa mwisho

Familia nyingi hupiga hesabu ya kumfikisha mtoto chuoni: ada ya muhula wa kwanza, godoro, nauli na pesa ya kuanzia. Hesabu inayotakiwa ni ya kumtoa chuoni akiwa na cheti mkononi.

Chukueni kalamu. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Chumba cha 50,000 kwa miezi 10 ni 500,000. Chakula cha 5,000 kwa siku, kwa siku 300, ni 1,500,000. Hapo ni 3,500,000 kwa mwaka, bado nauli, vitabu, matibabu na mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka mitatu ni 10,500,000. Kiwanja kikiuzwa milioni tano, pesa inakwisha katikati ya mwaka wa pili.

Katikati ya mwaka wa pili ndipo pabaya kuliko pote. Kijana anarudi nyumbani bila shahada, bila ufundi, na kiwanja hakipo. Wadogo zake watatu wanamtazama, na mzazi hana tena cha kuuza kwa ajili yao.

Kabla ya kufika huko, jueni kwamba kukosa jina kwenye orodha ya kwanza si mwisho wa safari ya mkopo. Bodi ya Mikopo hutoa majina kwa awamu, kisha hufungua dirisha la rufaa. Kama kuna nyaraka mlisahau, kwa mfano cheti cha kifo cha mzazi au uthibitisho wa ulemavu, rufaa ndiyo nafasi yake. Kumbukeni pia kwamba mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa mshahara wa 800,000, hiyo ni 120,000 kila mwezi. Mkopo huo umewasomesha wengi na si wa kuuogopa, lakini mtoto ajue anaingia kwenye nini.

Kuna ngazi, si mlango mmoja

Wazazi wengi wa rika letu tunaamini kwamba asiyeingia chuo kikuu baada ya kidato cha sita amefungiwa moja kwa moja. Mfumo wetu haufanyi kazi hivyo.

Vyuo vilivyo chini ya NACTVET vina ngazi: ya nne ni cheti cha awali, ya tano ni cheti, ya sita ni diploma. Mwanafunzi anayekamilisha ngazi hutunukiwa kwa ngazi hiyo. Pesa ikikatika baada ya ngazi ya tano, hatoki mikono mitupu. Anaweza kufanya kazi, akajikusanya, akarudi.

Na mwenye diploma anaweza kuomba shahada. Masharti ya jumla ya TCU ni awe na ufaulu wa masomo angalau manne ya kidato cha nne na diploma yenye GPA isiyopungua 3.0, ingawa kozi nyingine zina masharti ya ziada. Hata aliyepata ufaulu wa masomo pungufu ya manne ameachiwa njia, kwa kuwa tuzo ya ufundi stadi ya ngazi ya tatu, ile inayosomewa VETA, inakubalika kuziba pengo hilo akishakuwa na diploma.

Kwa hiyo kijana anayeanza na umeme leo hajaliaga chuo kikuu. Amechagua kukifikia kwa njia ndefu zaidi, lakini njia yenye vituo vya kupumzikia. Jambo jingine ambalo wengi hawajalisikia: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za diploma. Fuatilieni kama kozi yenu imo.

Ufundi nao una shule yake

Sasa nigeukie upande wa kijana, maana naye asidhani nimempa ruhusa ya kubaki mtaani na bisibisi.

Kuzunguka na fundi ni mwanzo mzuri. Lakini anayetaka kufanya kazi za ufungaji umeme kihalali anahitaji leseni ya EWURA, na leseni hiyo hupatikana kwa vyeti. Nyumba inapoombewa umeme TANESCO, kazi ya waya hutakiwa iwe imethibitishwa na mwenye leseni. Asiye nayo atafanya kazi yote juani, kisha atamlipa mwingine agonge mhuri. Tofauti ya kipato kati ya hao wawili kijana wako ameshaiona kwa macho, mwulize.

Kwa hiyo akisema anataka umeme, mwambie sawa, lete jina la chuo, usajili wake, muda wa kozi na gharama zake.

Pale ambapo shahada haikwepeki

Sisemi chuo kikuu hakina maana. Anayetaka kuwa wakili lazima asome shahada ya sheria, kisha apite Shule ya Sheria kwa mafunzo ya vitendo. Anayetaka udaktari ana miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mtoto wa namna hiyo mwenye alama zinazotosha, familia ijibane kweli, ukoo uchange, na hata kiwanja kikiuzwa, kimeuzwa kwa sababu inayoeleweka.

Hata huko kuna ngazi. Aliyekosa nafasi ya udaktari anaweza kusomea diploma ya utabibu au uuguzi, akaajiriwa, akajiendeleza.

Hatari iko kwenye shahada iliyochaguliwa kwa sababu tu nafasi ilikuwepo. Mtoto ukimwuliza utafanya kazi gani ukimaliza, anajibu, "Nitajua mbele ya safari." Kwa jibu hilo, kiwanja kibaki.

Na tukumbuke mabinti. Katika nyumba nyingi kiwanja huuzwa kwa ajili ya kaka, dada akaambiwa atafute kozi fupi. Hesabu ninayoisema hapa ni ya kozi, uwezo wa mtoto na mfuko wa familia. Jinsia haimo. Binti anayependa umeme au magari naye apelekwe huko, VETA wanawapokea.

Fanyeni hivi kabla ya kuamua

Kwanza, hakikisheni chuo na kozi vinatambulika. Vyuo vikuu vimo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, na vyuo vya kati na vya ufundi viko NACTVET. Miongozo yote inapatikana mtandaoni. Msiamini bango la barabarani.

Pili, fungueni tovuti ya Sekretarieti ya Ajira msome matangazo kumi ya kazi ambayo mtoto anaitamani. Tazameni sehemu ya sifa za mwombaji: wanataka cheti, diploma au shahada? Shahada ya nini hasa? Dakika thelathini za kusoma matangazo zitawafundisha kuliko ushauri wa majirani kumi.

Tatu, mtoto akazungumze na watu wawili wanaofanya kazi hiyo, mmoja aliyeanza miaka ya karibuni. Awaulize walivyopata kazi na wanavyoishi.

Nne, jueni kwamba matokeo ya kidato cha sita hayaozi ndani ya mwaka mmoja. Familia inayohitaji muda wa kukusanya pesa au kukata rufaa haijapoteza kitu, mradi mtoto asikae bure kipindi hicho.

Kisha kaeni kikao, baba, mama na kijana, na karatasi ya hesabu mezani. Baba ana haki ya kueleza hofu yake, maana anayetaka kuuza kiwanja chake pekee anafanya hivyo kwa upendo. Lakini mwacheni kijana aongee wa kwanza, na msimkatize hadi amalize.