Staa wa Tabora asimsingizie mdukuzi, mlango kafungua mwenyewe

Msanii mmoja anayetamba Tabora mjini analia WhatsApp yake imefungiwa, na mashabiki wanawatupia lawama wadukuzi. Hapana jamani. Alitaka kusoma meseji zilizofutwa, akashusha GB WhatsApp, kitu ambacho Play Store hakipo. Simu ikagoma, ikamuonya. Akaingia kwenye setingi, akaruhusu programu za vyanzo visivyojulikana. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 ruhusa hiyo unaitoa programu moja moja, kwa hiyo ile ya "niligusa bahati mbaya" haipo. Mirambo mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara ya Ujiji, wafanyabiashara wa Tabora wakakwama. Huyu wa leo geti kaliacha wazi, na ruhusa mpaka sasa hajaizima. Mapromota wanamtumia meseji za shoo, tiki moja tu.