Mdoli mmoja, watu themanini

Leo sina stori za hosteli. Nina hasira.

Mchana nimepita ukumbini nikakuta wadogo zetu wanafundishwa CPR vilevile kama sisi mwaka jana: slaidi hamsini, kisha mdoli mmoja na foleni ya watu themanini. Unabonyeza kifua mara kumi, unaambiwa "vizuri, mwingine". Vizuri kwa kipimo gani?

Maana namba zipo. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na ukiachie kirudi chote kabla hujabonyeza tena. Mibonyezo 30, pumzi 2. Mtihani wa maandishi niliupasua.

Miezi kama sita baadaye, wodini, mzee mmoja akazimika mbele yangu. Mapigo hakuna. Namba zote ninazo kichwani, mikono imeganda! Nesi akanisukuma pembeni akaanza yeye. Mzee hakurudi. Sisemi angepona, ila zile sekunde nilizosimama kama mlingoti zilikuwa zake, si zangu.

Sasa nawauliza wakubwa: kuogelea mnafundisha kwa slaidi? CPR ni kazi ya mikono, na mikono husahau ndani ya miezi michache tu. Dakika kumi kila baada ya miezi mitatu, vikundi vya watu sita, mmoja anabonyeza, mwenzake anahesabu na kumkosoa, wanabadilishana kila dakika mbili. Na mtihani uwe wa kubonyeza, si wa kuchagua A, B, C.

Najua jibu: "hela hakuna, midoli ni ghali". Jamani, mdoli maarufu wa CPR, Resusci Anne wa mwaka 1960, ulitengenezwa na Asmund Laerdal wa Norwei, mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto! Sisi tunashindwa hata mto na chupa ya plastiki? Kina hutapima sawasawa, sawa, lakini mdundo na mkao wa mikono utavizoea. Mdoli wa kweli ubaki wa kusahihishia.

Jumamosi saa 10 jioni nitakuwa nyuma ya hosteli na mto wangu. Wa mwaka wowote aje. Mwenye saa ya mkononi aje nayo.

Nawasilisha. Matusi na maoni tupieni hapo chini.